Tupeane uzoefu: Mzee alichanganyikiwa ghafla, kumbe ni maambukizi

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu, leo nalitoa.

Mama yangu ana miaka 79, tunaishi naye Mbagala. Jumamosi alikuwa mzima kabisa: kapeta mchele, kagombana na muuza samaki kwa sababu ya chenji ya mia mbili. Jumapili jioni akaniuliza kama ng'ombe wamesharudi. Ng'ombe walikuwa Korogwe, baba akiwa hai, mimi darasa la nne. Usiku hakulala. Anakunja khanga, anaikunjua, anaikunja tena. Saa nane ananiambia kuna watoto wamekaa juu ya kabati, niwape chai.

Asubuhi akaamka ananijua, akauliza bei ya mkaa. Nikasema imepita. Jioni ikarudi, mbaya kuliko jana.

Kaka akasema uzee huo. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu, atafutwe mtaalamu. Jirani akaja kukemea mapepo mpaka saa sita usiku, na mama akamkaribisha akidhani ni mgeni wa harusi. Joto nilipima mwenyewe, 36.8, ndiyo maana sikuwaza ugonjwa. Nilichokiona nisikipe uzito ni kwamba tangu Ijumaa alikuwa anakwepa kunywa maji, na khanga zake alizifua mwenyewe kwa kificho.

Kituo cha kwanza tulipewa dawa ya usingizi tu. Akazidi, akaanguka akitoka kitandani. Tulipokwenda kwingine, daktari kijana akaniuliza, "Wiki iliyopita alikuwaje?" Nikamsimulia ile ya chenji. Akasema basi huu si uzee, uzee hauingii kwa siku moja. Akaanza na sukari, halafu malaria, damu, mkojo, akasikiliza kifua muda mrefu. Ilikuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili umekauka maji. Dripu, sindano za antibayotiki. Siku ya nne akaniuliza, "Khanga yangu ya njano umeipeleka wapi?" Nilitoka nje nikalia.

Ila siwafichi, hajarudi wote. Swali moja anaweza kuliuliza mara tatu. Nikirudi nyuma naona kusahau kulishaanza kidogo kidogo mwaka jana, sisi tukawa tunacheka.

Nani mwingine yamemkuta? Niambieni hasa dalili ya kwanza ilikuwa ipi.

Mdau, Moshi

Pole mkuu. Babu yetu hakupayuka wala kuona watu. Alinyamaza. Anashika kijiko, anakisahau mkononi. Ukimwita anafungua macho, anasema "ndiyo", analala. Sisi tukafurahi, mzee katulia, maana kwa kawaida alikuwa mkali. Kikohozi hakuna, homa hakuna. Aliyeshtuka ni mjukuu anayesomea uuguzi, alihesabu pumzi akapata 32 kwa dakika. Nimonia. Tulikuwa tumechelewa siku tano, na hatukurudi naye nyumbani.

Kwa hiyo dalili ya kwanza kwetu ilikuwa ule utulivu.

Mdau, Mombasa

Sisi nyanya alilazwa kwa homa, kuchanganyikiwa kukaja wodini. Taa yawaka usiku kucha, haoni saa, miwani tuliiacha nyumbani isipotee. Akawa ang'oa sindano ya dripu, wakamfunga mikono kwa bandeji. Akafanya vita zaidi! Mamangu akaomba afunguliwe, akasema mmoja wetu atakaa hapo saa zote. Tukagawana zamu. Tukamletea miwani, leso yake, mto wake. Kila tukiingia twamwambia: mimi ni fulani, leo ni Jumatano, uko hospitali, wapata nafuu. Akisema amwona marehemu babu mlangoni hatubishani naye, twamshika mkono tu. Dawa zilifanya kazi yake, lakini usiku wa kwanza aliolala ni ule aliopewa miwani yake.

Mdau, Sumbawanga

Msipuuze mambo ya asili. Si kila kitu ni mkojo.

Mleta mada

Mkuu, tuliyaheshimu siku mbili nzima. Bakteria hawakuheshimu.

Muuguzi, Dodoma

Huyo wa Sumbawanga nusu yake namuunga mkono: kweli si kila kitu ni mkojo. Wazee wengi, hasa kina mama, hukutwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Ukiona kipimo cha mkojo ukaridhika hapo, unaweza kuiacha nimonia inamla. Muulizeni pia kama amepata choo. Wazee wa kiume wenye tezi dume iliyovimba, gusa tumbo la chini, mkojo ukiwa umeziba peke yake unatosha kumvuruga. Na leteni dawa ZOTE, hata za mafua mlizonunua dukani. Piriton kwa mzee wa miaka 80 inaweza kumchanganya.

Jaribio langu la nyumbani: mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Aliyekuwa anaweza juzi, leo anapotelea Alhamisi, mlete.

Mdau, Leicester

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza. Muuguzi kasema kweli, hapa mwongozo hauruhusu kutumia vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo kuamua UTI kwa aliyezidi miaka 65. Tunatakiwa tuangalie mtu mzima mzima: anakunywa? anapata choo? ana maumivu? kabadilishiwa dawa? Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nakimbilia kijiti.

Mdau mgeni

Samahani, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mama ana kisukari, anameza vidonge, ana kidonda mguuni. Tangu mchana hajala, anatokwa jasho, ananiita kwa jina la dada yake. Nisubiri asubuhi?

Muuguzi, Dodoma

Usisubiri. Una mashine ya sukari? Pima sasa hivi. Kidonda kimemkatisha hamu ya kula na vidonge kavimeza vilevile, sukari inaweza kuwa imeshuka. Kama anameza vizuri mpe maji ya sukari, kama amelegea usimnyweshe kitu. Vyovyote vile, nendeni usiku huu.

Mdau mgeni

Sukari ilikuwa 2.4, imeshuka sana. Tuko hospitali, wamemtundikia dripu na kidonda wanakisafisha. Sasa hivi kaniuliza kwa nini nimekuja na ndala za mtoto. Nimeangalia miguu, kweli ni za mtoto.