Dawa ya magugu ilinyunyiziwa alfajiri pasipo upepo: mbona nyanya zangu zimejikunja?

Mkulima wa Ilula:
Ndugu wakulima, jirani yangu, ambaye shamba lake la mahindi liko upande wa juu wa bonde, alinyunyizia dawa ya magugu ya 2,4-D alfajiri pasipo upepo wowote, na baada ya siku chache nyanya zangu zilizo bondeni zikaanza kujikunja na kusokotana majani. Yeye anashikilia kwamba dawa haiwezi kusafiri bila upepo. Je, ni kweli?

Bwana Shamba Mstaafu:
Si kweli, ingawa wengi huamini hivyo. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo hupoa ikawa nzito, huku hewa yenye joto ikibaki juu yake kama mfuniko. Hewa hiyo ya chini haipandi, kwa hiyo matone madogo sana ya dawa huelea humo kwa muda mrefu, kisha huteremka nayo polepole kuelekea bondeni. Ukiona moshi wa jikoni umetanda chini badala ya kupanda, ahirisha kazi. Nchini Marekani, baada ya dikamba, dawa nyingine ya magugu, kuharibu soya katika majimbo mengi mwaka 2017, masharti yaliyotolewa mwaka uliofuata yaliruhusu kuinyunyizia tu kuanzia saa moja baada ya jua kuchomoza hadi saa mbili kabla halijazama. Mimi ningechagua upepo mwanana unaovuma kuelekea mbali na nyanya kuliko utulivu wa alfajiri.

Mwanafunzi wa Udongo:
Shikamoo Mzee. Naomba kuongeza suala la mvuke, kwa maana dawa iliyokwisha kutua inaweza kupanda tena hewani. 2,4-D ya aina ya esta huvukiza kwa urahisi zaidi kuliko ya amini, hasa jua linapokuwa kali. Unyevu nao una nafasi kubwa: watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliopima dawa za magugu za atrazini na metolakloro kwa miaka mingi huko Beltsville, Maryland, waliona kwamba joto liliongeza sana mvuke udongo ulipokuwa umelowa, lakini si ulipokuwa mkavu, kwa kuwa chembe za udongo mkavu huishika dawa, ilhali maji huchukua nafasi ya dawa kwenye chembe hizo na kuiachia.

Mkulima wa Ilula:
Nashukuruni. Sasa nitajuaje ni matone au ni mvuke?

Bwana Shamba Mstaafu:
Marahaba, kijana. Ndugu wa Ilula, soma kwanza lebo ya chupa. Ikiandikwa amini, mvuke si mshukiwa wa kwanza. Kisha tembea shambani. Matone yaliyosukumwa na upepo huumiza zaidi mistari ya mpakani na madhara hupungua kadiri unavyoingia ndani, lakini sehemu yote ya chini ya shamba ikiwa imejikunja kwa kiwango kinachofanana, basi dawa ilikuja na hewa tulivu ya alfajiri au kwa mvuke.