Kihariri chetu cha msimbo kwa kompyuta za GB 4: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Nzuguni:
Ndugu zangu, nafundisha vijana lugha ya programu ya Python hapa Nzuguni, Dodoma, kwa kompyuta zenye RAM ya GB 4. Tunataka kuunda kihariri chepesi cha msimbo (programu ya kuandikia msimbo), kisichohitaji intaneti na kinachomweleza mwanafunzi kosa lake kwa Kiswahili. Je, tuandike kila kitu wenyewe, au tujenge juu ya kilichopo?

Mdau wa Singida:
Mwalimu, jengeni juu ya kilichopo. Kuhariri maandishi huonekana jambo dogo, lakini faili likiwa kubwa na maandishi yake yakahifadhiwa kama mfuatano mmoja wa herufi, kila herufi inayoongezwa mwanzoni hulazimisha zote zinazofuata zisogezwe. Kihariri cha Emacs huacha pengo penye kishale ili herufi mpya ziingie humo. Kingine, Visual Studio Code, tangu 2018, hupanga vipande vya maandishi katika muundo wenye matawi kama mti. Kazi hiyo imeshafanywa vizuri. CodeMirror na Monaco, vihariri vya kupachikwa kwenye kurasa za wavuti, zote zina leseni ya MIT inayoruhusu kuzitumia na kuzibadilisha bure, na kwa kompyuta zenu ningechagua CodeMirror, kwa kuwa mnachukua moduli mnazozihitaji tu.

Mdau wa Kondoa:
Naunga mkono, ila msikifunge kihariri ndani ya Electron, zana ya kugeuza kurasa za wavuti kuwa programu ya kompyuta, kwa sababu hubeba kivinjari cha Chromium na Node.js ya kuendeshea JavaScript, mzigo mzito kwa GB 4. Wekeni seva kwenye kompyuta moja yenye nguvu kidogo, wanafunzi wafungue kihariri kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani. Msimbo wa kila mmoja uendeshwe ndani ya kontena, yaani sehemu iliyotengwa na nyingine, lenye ukomo wa muda na kumbukumbu, la sivyo kitanzi (loop) kimoja kisichoisha kitakwamisha darasa zima.

Mwalimu wa Nzuguni:
Nashukuru sana. Na ujumbe wa makosa kwa Kiswahili tuuweke wapi?

Mdau wa Singida:
Tumieni Language Server Protocol, kanuni za mawasiliano kati ya kihariri na programu inayokagua msimbo (seva ya lugha), ambayo Microsoft, Red Hat na Codenvy waliitangaza 2016. Kihariri huiarifu seva ya lugha kwamba faili limebadilika, nayo hurudisha makosa pamoja na mstari na nafasi yake. Udakeni ujumbe huo na kuuandika upya kwa Kiswahili kabla haujafika kwenye skrini. Pyflakes, kikaguzi cha msimbo wa Python, ikisema `undefined name 'jumla'`, mwanafunzi asome: «Jina jumla halijapewa thamani. Hakikisha umeliandika kwa herufi zilezile ulizotumia mwanzo.» Tafsiri ya neno kwa neno haitamsaidia; anahitaji kujua la kufanya. Anzeni na makosa mnayokutana nayo kila siku darasani, na mengine yaacheni yaonekane kama yalivyo hadi mtakapoyafikia.