Goti la mama: diklofenaki, Brufen, Panadol au dawa ya kupaka?

MwanaWaWete
Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 64, yuko Wete. Goti la kulia linamuuma tangu msimu wa karafuu uliopita. Yeye hapandi mkarafuu, kazi yake kuchambua makonyo na kuanika, basi kutwa yuko kitako juu ya jamvi. Ana presha, anatumia enalapril pamoja na kile kidonge cha kukojoza.

Dukani wamempa diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara mbili. Jirani anasema diklo ina nguvu mno, bora Brufen. Mie nyumbani nina Panadol tu. Na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Ipi salama kwake, khasa akiwa amefunga?

BintiJambiani
Waalaykum salaam kaka. Mie ni mkulima wa mwani. Mgongo ukinikamata namezea diklo, kesho yake maji ya bamvua yakitoka na mie nimo. Ilinisaidia kweli, siwezi kuisingizia. Lakini nilikwenda nayo wiki tatu bila kupumzika, na siku ikishindwa naongeza Brufen juu yake, nikidhani ni dawa nyengine kabisa. Tumbo likaanza kuwaka, kisha choo cheusi kama lami. Spitali wakaniambia nina kidonda cha tumbo kinavuja damu. Niliongezwa damu chupa mbili. Mwambie mama asichanganye.

MtoaDawa_Chake
Dada, pole sana, na umelisema jambo linalonikera kila siku pale dirishani. Diklofenaki, Brufen (yaani ibuprofeni), aspirini, naproksen, meloksikamu: zote ukoo mmoja. Ukimeza mbili kwa pamoja maumivu hayapungui mara mbili, madhara ndiyo yanayoongezeka.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazovimbisha goti na kulitia maumivu, na dawa hizi huzuia zisitengenezwe. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo isiliwe na asidi, na ndizo zinazoacha njia ya damu wazi kuelekea kwenye figo. Kidonge hakijui goti liko wapi, kinazizima mwili mzima. Ndiyo maana kula kwanza kunapunguza kichefuchefu lakini hakukukingi na kidonda.

Sasa mwanangu wa Wete, kwa mama yako. Enalapril inagusa figo kwa upande wake, kidonge cha kukojoza kinapunguza maji mwilini, na ukiweka diklo au Brufen juu yake figo zinabanwa pande tatu. Zinaweza kufeli bila yeye kusikia maumivu yoyote. Tena dawa hizi hupandisha presha na kuivunja nguvu dawa yake. Kwa hiyo kwake yeye sioni mshindi kati ya diklo na Brufen za kumeza. Zote mbili asitumie mpaka daktari aseme.

Kwa mtu mzima asiye na matatizo hayo ningemwambia Brufen kabla ya diklo. Miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, baada ya chakula, isizidi 1200 kwa siku, na siku kumi zikifika maumivu yapo, aende akapimwe. Diklo ina mzigo mkubwa zaidi kwenye moyo. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walisema asipewe mwenye ugonjwa wa moyo wala aliyewahi kupata kiharusi. Na dawa za presha asiziache hata siku moja kwa ajili ya goti.

Mpandaji_Konde
Lakini Panadol kwetu sisi tunaopanda mikarafuu ni kama maji. Bega likishaingia, Panadol hailigusi. Mie nameza diklo siku mbili tatu, nimeshiba, naacha. Nna miaka 29, sina presha. Nakosea?

MtoaDawa_Chake
Siku mbili tatu, kijana mzima, hunywi nyengine ya ukoo ule: hapo sina ugomvi nawe. Ila kunywa maji ya kutosha siku hizo, jua la shambani linakausha. Ukiwa na pumu niambie kwanza, maana wapo ambao dawa hizi huwabana kifua.

Panadol kweli ni dhaifu kwa uvimbe. Uzuri wake hailitoboi tumbo. Mwisho wake vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, ukizidisha unaumiza ini. Na soma pakiti: vipo vidonge vya diklo ambavyo ndani yake mna paracetamol, yaani Panadol yenyewe, tayari.

Kwa goti la mama, dawa ninayoipenda ni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya kumeza. Ya asilimia 1, goti lake ni gramu 4 mara nne kwa siku, kwenye ngozi isiyo na jeraha, asifunge nailoni juu yake. Asikate tamaa siku ya pili, huchukua hata wiki. Na kwa figo zake, hata hii amwambie daktari.

UkhtiFuoni
Kuhusu Ramadhani. Ami yangu alikuwa anameza Brufen wakati wa daku kwa kikombe cha chai, kisha anashinda na jua la kaskazi bila maji. Kumi la mwisho tukampeleka spitali miguu imevimba, mkojo hautoki. Figo. Kama daktari atamruhusu mama kumeza kitu, iwe usiku baada ya kufuturu na kula, si daku. Ya kupaka haina shida na saumu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Jiddah 1997, liliyataja mafuta na marhamu za ngozi katika visivyofunguza.

BintiJambiani
Na wajawazito jamani. Shoga yangu alikatazwa mimba ikiwa na miezi mitano.

MtoaDawa_Chake
Sahihi, kuanzia wiki ya 20 si dawa ya kujinunulia. Na homa za masika pia: kabla hujapima na kujua si dengi, meza Panadol tu. Dengi na Brufen hukaribisha kuvuja damu.

Mpandaji_Konde
Mafuta ya karafuu je? Bibi alikuwa akitukanda nayo.

MtoaDawa_Chake
Kukanda yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, sawa, yanatia ganzi kidogo. Kuyanywa hapana.

MwanaWaWete
Nimempigia simu mama sasa hivi, nikamwambia anisomee kila pakiti iliyomo mkobani. Diklo ya dukani, Brufen ya jirani, na vile vidonge vya mchanganyiko. Alikuwa anavimeza vyote, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Choo anasema cha kawaida, lakini miguu imeanza kuvimba jioni.

MtoaDawa_Chake
Vyote vitatu aache leo. Dawa za presha aende nazo kwa daktari kesho asubuhi, apimwe presha, mkojo na kreatinini, yaani kipimo cha damu cha kuangalia figo. Usiku huu Panadol mbili na maji. Akipata choo cheusi, kutapika damu au pumzi kukatika, msingoje kuche.

MwanaWaWete
Gari ya saa kumi na mbili, dada yangu anakwenda naye. Pakiti zote tatu amezitia mfukoni amwonyeshe daktari.