Nyumba nyeupe ya Deer Lodge, Montana: ni ya Grant au ya Kohrs?

Dereva wa usiku:
Wakuu, habari za safari. Naendesha lori, na barabara kuu ya I-90 kati ya miji ya Missoula na Butte naipita karibu kila wiki. Pale Deer Lodge gereza la zamani nimeshaliingia mara mbili, ila ile nyumba nyeupe pembeni ya mji naishia kuiona kwa mbali. Kibao kinasema Grant-Kohrs Ranch. Hao ni familia moja au mbili? Na ndani kuna cha kuona, au ni viti vya kizee nyuma ya kamba?

Mama Missoula:
Ni wawili, kaka, wala hawakuwa ndugu. Aliyeijenga mwaka 1862 ni Johnny Grant. Huyo alikuwa mjanja wa biashara: wahamiaji wa njia ya Oregon, ile ya magari ya kukokotwa kwenda magharibi, walifika na ng'ombe waliochoka, yeye anachukua wawili waliokonda na kutoa mmoja mwenye nguvu. Anawanenepesha, msimu ujao anarudi nao njiani. Mkewe Quarra alikuwa mwenyeji wa asili wa maeneo yale, na nyumba hiyohiyo ilikuwa duka na makazi.

Mwaka 1866 Grant akamuuzia Conrad Kohrs, mwenye bucha aliyezaliwa Holstein, Ujerumani ya leo, na kuwauzia nyama wachimba dhahabu. Bei ilikuwa dola 19,200. Miaka miwili baadaye Kohrs akaoa Augusta, binti wa miaka 19, wakapanda meli ya mvuke mto Missouri hadi bandari ya Fort Benton. Mimi hapo ndipo roho yangu ilipobaki. Binti wa watu anafika kwenye nyumba iliyojaa wanaume wa ng'ombe! Akaishi hadi 1945.

Viti unavyovidharau ni vyao wenyewe, havikununuliwa mnadani. Nyumba haikutoka mikononi mwa familia ya Kohrs mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndipo ikawa ya serikali.

Fundi seremala:
Naongezea la ufundi. Usidanganywe na mbao nyeupe za mbele. Chini yake ni magogo, mbao zimepigiliwa juu tu ili ipendeze. Halafu zunguka nyuma, utakuta ubavu wa matofali ulioongezwa mwaka 1890. Yaani magogo ya Grant, matofali ya Kohrs, paa zimekutana.

Na huo mwaka uutazame vizuri. Baridi ya 1886 hadi 1887 iliua ng'ombe malaki kwenye malisho ya wazi, wafugaji wengi wakafunga virago. Kohrs alikopa dola 100,000 kwa mwenye benki wa Butte, bila dhamana. Miaka mitatu baadaye anajenga!

Dereva wa usiku:
Kumbe magogo! Miaka yote nimejua ni mbao. Mama Missoula, kiingilio ni shilingi ngapi huko?

Mama Missoula:
Bure kabisa, kaka. Ila nyumbani kwenyewe unaingia na mhifadhi, huendi peke yako. Nenda mchana basi, wewe wa usiku.