Vyuo vya kompyuta, acheni kuwauzia watoto wa watu vitini vya PHP iliyokufa!

Wakuu, hili lazima lisemwe.

Mdogo wangu kalipa ada kwenye chuo kimoja cha kompyuta hapa Dar, anasomea kutengeneza websaiti kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za websaiti. Juu ya ada kuna kitini, na bila kitini huingii darasani. Jana usiku kaja kwangu nusura alie: kafuata kila mstari, kompyuta inamwambia mysql_connect, amri ya kuiunganisha PHP na databesi, haijulikani. Nikakishika hicho kitini. Kopi ya kopi, herufi zimefifia, hakina mwaka wala jina la mwandishi, na kuanzia sura ya databesi ni mysql_connect na mysql_query (ya kuiulizia databesi) mpaka mwisho.

Amri hizo zilitangazwa kuachwa tangu PHP 5.5, mwaka 2013. PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015 zikaondolewa kabisa! Mwalimu hajui? Anajua sana, maana alichomwambia ni ashushe XAMPP (kifurushi cha kuendeshea PHP na databesi kwenye kompyuta yako) ya zamani yenye PHP 5 "ili iendane na kitini". Yaani kitini hakiguswi, ila kompyuta ya mtoto ndiyo irudishwe kwenye toleo lililoacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018.

Na kuna baya zaidi. Fomu ya kuingilia iliyomo humo inachukua alichoandika mtumiaji na kukibandika hivyohivyo ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuongea na databesi. Nywila zinahifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuzificha inayovunjwa kirahisi. Mtu anahitimu na hayo, anakwenda kuitengenezea saccos mfumo, halafu mhuni mmoja anaandika ' OR 1=1 # kwenye kisanduku cha jina, sharti linageuka kuwa kweli daima na ukaguzi wa nywila unakatwa, na anaingia bila nywila yoyote. Hela za kina mama wa watu hizo!

Wakati huohuo mwongozo rasmi wa PHP uko php.net, bure. Fungua ukurasa wa mysql_connect, onyo liko hapohapo juu, na umeelekezwa kwenye mysqli na PDO, njia mpya za kuungana na databesi. Wala huhitaji bando kila siku: unapakuliwa wote, unakaa kwenye flashi, darasa zima linagawana.

Na msije hapa na "vitabu vimepitwa na wakati, aende YouTube". Video za mysql_query zimejaa huko vilevile, na video inakula bando kuliko maandishi. Sina ugomvi na vitabu. Kitabu kizuri cha algorithimu au cha kupanga databesi unasoma wewe na mwanao atakikuta bado kina kazi. Ugomvi wangu ni na anayejua kilichomo kimekufa na bado anadai hela.

Walimu wa vyuo hivi mmo humu. Jibuni: kwa nini siku ya kwanza mwanafunzi asipewe mwongozo rasmi kwenye flashi, nyinyi mkalipwa kwa kufundisha? Mdogo wangu hashushi XAMPP yoyote ya zamani. Jumatatu naenda naye chuoni, na hela ya kitini tunaitaka.