Nimeotesha bakteria wa zizini, majibu yanasema kimeta?? Msaada wakuu

Udongo_Mwekundu:
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu kilimo, mradi wangu ni bakteria wa udongo na wa hewani kwenye zizi la ng'ombe. Nilichofanya ni kitu rahisi tu, nikachota udongo mlangoni pa zizi halafu nikaacha sahani mbili za agari (ile jeli ya kuoteshea bakteria) wazi juu ya ukuta kama nusu saa hivi wakati wanakamua, nikafunika nikarudi nazo maabara. Kesho yake zimeota balaa. Kuna koloni (doa la bakteria walioota pamoja) moja kubwa, nyeupe isiyong'aa, kingo zake hazijanyooka, ukiiangalia ni kama nta ya mshumaa iliyodondokea meza. Kwenye darubini ni vijiti vimeshikana mnyororo, gramu chanya (wameshika rangi ya zambarau ya kipimo cha Gram), na spora, zile mbegu ngumu za bakteria, zinaonekana.

Tukapeleka kusomwa jeni ya 16S, ile ya kutambulia bakteria, majibu yametoka jana, nikayaingiza kwenye benki ya jeni mtandaoni. Aisee. Wa kwanza Bacillus cereus, wa pili Bacillus thuringiensis, wa tatu Bacillus anthracis, wote wamefanana na wangu asilimia 99 na ushee. Huyo wa tatu si ndio kimeta jamani?? Usiku sijalala vizuri.

Sasa nina kimeta au sina? Na kama sina niandike jina gani kwenye ripoti? Halafu koloni nyingine ya kwenye udongo imetoka Priestia megaterium, huyu ndo sijawahi hata kumsikia, kitabu chetu cha darasani hakimtaji kabisa.

Mama_Maabara:
Dogo tulia. Kwanza funga hizo sahani, usizifungue tena mezani, usinuse koloni (najua mnanusa), mwambie msimamizi wako leo hii, halafu ndo urudi usome haya.

Shida iko kwenye kipimo ulichotumia. 16S inabadilika taratibu mno, kwa hiyo inakwambia mtu ni wa ukoo gani ila haikwambii ni yupi kati ya ndugu. Hao watatu ni ndugu wa tumbo moja, 16S zao karibu hazina tofauti. Umeuliza ukoo, ukatajiwa ukoo, basi.

Kinachowatofautisha kwa sehemu kubwa kiko kwenye plasmidi, yaani vile vipande vya DNA vya pembeni. Wa kimeta ana mbili, pXO1 inabeba sumu na pXO2 inabeba ganda linalomficha asionwe na kinga ya mwili. Thuringiensis ana plasmidi zenye jeni za fuwele za protini zinazoua viwavi, ndiye huyo mnampulizia kwenye mahindi na kabichi. Cereus wa kawaida hana hivyo vyote, ila ana sumu zake za tumbo, ndo yule wa wali kiporo, spora zinavumilia ule mchemsho wa mchana, usiku zinaamka, na sumu yake ya kutapisha hata upashe moto vipi haiondoki.

Vipimo vya zamani bado vinasaidia sana. Kimeta hatembei, kwenye agari ya damu hatengenezi duara la wazi, na kwa kawaida penisilini inammaliza. Cereus anatembea, anayeyusha damu mpaka unaona duara la wazi, na penisilini haimtishi. Afanye mwenye uzoefu, kwenye kabati la usalama, sio wewe mezani kwako.

Na swali la mwisho ambalo ungeanza nalo: kuna ng'ombe amekufa ghafla hapo zizini akitoka damu puani?

Kilatini_cha_Jioni:
Hii mada imenifurahisha kwa sababu huyu kijana amerudia jambo la 1887 bila kujua. Grace na Percy Frankland, mtu na mkewe huko Uingereza, ndio waliompa cereus jina, na walimpata kwenye hewa ya banda la ng'ombe! Cereus kwa Kilatini ni cha nta. Umeona wewe mwenyewe umeandika nta ya mshumaa hapo juu? Jina limetoka kwenye macho ya mtu aliyeangalia sahani kama yako.

Anthracis ni makaa, kwa lile gamba jeusi la kidonda cha mtu mwenye kimeta, mtaalamu wa bakteria Cohn ndiye aliyempa jina hilo 1872. Na thuringiensis ni Thuringia, Ujerumani, huyo alitoka kwenye kiwavi anayekula unga kinuni, ingawa Mjapani Ishiwata alikuwa ameshamwona 1901 kwenye viwavi wa hariri. Kwa hiyo wa kwanza kaitwa kwa sura ya koloni, wa pili kwa kidonda, wa tatu kwa mkoa. Hakuna aliyekuwa na DNA mkononi, kila mtu alitaja alichokiona, na sisi ndo tunahangaika nayo leo.

jenomu_tu:
Mimi nitasema ukweli mchungu, hao watatu ni spishi MOJA. Mwaka 2000 kuna makala ilitoka ikasema hivyo hivyo wazi kabisa. Mkitumia kipimo cha sasa cha kulinganisha jenomu nzima (DNA yote ya kiumbe) ambapo mpaka wa spishi ni kufanana kama asilimia 95 hadi 96, cereus wengi wanaangukia pamoja na anthracis. Thuringiensis akipoteza ile plasmidi ya fuwele unamwitaje? Cereus. Sasa hiyo ni spishi gani inayovuliwa kama shati? Waunganishwe tu tuishi kwa amani

Kilatini_cha_Jioni:
@jenomu_tu haya tuunganishe. Tunatumia jina gani? Kanuni za majina ya bakteria zinasema la zamani ndio linashinda. Cohn 1872, Frankland 1887. Kwa hiyo wote wanakuwa Bacillus anthracis. Mkulima anaenda duka la pembejeo kununua dawa ya viwavi, kwenye pakiti imeandikwa kimeta. Mgonjwa wa kiporo anatapika, maabara inaandika kimeta. Wilaya nzima inafungwa kwa sababu ya sufuria ya wali 😂

Na usidhani waandika kanuni hawakuliona hilo. Kuna kifungu cha kukataa jina la hatari, yaani jina ambalo likitumika linaweza kuponza watu. Kilishatumika kwa tauni. Yersinia pestis na Yersinia pseudotuberculosis kwa DNA ni kitu kimoja, watu wakapendekeza tauni ishushwe iwe tawi la yule mwingine, mwaka 1985 jopo la kanuni likakataa, likasema mtu wa maabara akisoma hilo jina refu anaweza asijue ameshika tauni. Sayansi ilikuwa upande wa waombaji na bado wakanyimwa.

jenomu_tu:
Hapo kwa tauni nimekuelewa mkuu. Lakini mwaka 2020 kuna waliopendekeza njia ya kati, spishi ipangwe kwa jenomu halafu kimeta na thuringiensis viwe lebo ya pembeni inayoonyesha tabia. Mimi naona ndo haki

Mama_Maabara:
Hiyo ya lebo naiunga mkono kwa sababu jina pekee limeshatudanganya. Louisiana alipatikana mgonjwa wa mapafu kama ya kimeta kabisa, kuotesha ikaja cereus, cereus mwenye plasmidi inayofanana na pXO1. Na msitu wa Taï, Ivory Coast, sokwe walikufa 2001 na 2002 kwa cereus aliyebeba plasmidi zote mbili. Ndio maana nimemwambia dogo afunge sahani hata kama nina hakika asilimia kubwa ni cereus wa vumbi tu.

Kuhusu Priestia: ni Bacillus megaterium yule yule wa kitabuni, kahama 2020 pale jenasi ya Bacillus ilipovunjwavunjwa maana ilishakuwa stoo, kila kijiti chenye spora kilitupwa humo. Jina ni heshima kwa mtaalamu Fergus Priest. Andika jina jipya, mara ya kwanza utaje na la zamani, mwalimu wako asije akakukata maksi. Mambo hayo hayo kwa dawa za viluilui vya mbu, wengi bado wanasema Bacillus sphaericus, ambao kile kiwanda cha Kibaha kinautengeneza pamoja na thuringiensis aina ya israelensis, na kumbe tangu 2007 ni Lysinibacillus.

vumbi_la_anga:
Mmesahau wa hewani jamani. Wahindi walipandisha puto mpaka kwenye stratosfia, lile tabaka la hewa la juu sana, 2006 wakatangaza spishi nne kutoka kwenye mirija waliyokusanyia hewa ya huko: Bacillus aerius, aerophilus, stratosphericus, altitudinis. Majina matamu. Sasa sheria inataka kila jina jipya liwe na kimelea hai cha mfano kimehifadhiwa kwenye benki mbili za nchi mbili tofauti, ili ukibisha uombe ukapime mwenyewe. 2015 watu wakaenda kuwatafuta, aerius, aerophilus na stratosphericus vimelea vyao vya mfano hawavipati, ikabidi wapeleke ombi kwa jopo. Altitudinis yeye yupo. Kwa hiyo Udongo ukipata kitu kipya usikimbilie jina, hifadhi kwanza

Udongo_Mwekundu:
Asanteni sana wakuu. Nimempelekea msimamizi, kafanya yeye mwenyewe: duara la wazi kwenye damu lipo, kubwa tu, na vinatembea. Ng'ombe wote wazima, mzee mwenye zizi nilipomuuliza habari za damu puani akanicheka akaniuliza nani kanituma. Kwahiyo niandike Bacillus cereus?

Mama_Maabara:
Bado. Umemwondoa kimeta, thuringiensis hujamwondoa, naye anatembea na anayeyusha damu vile vile. Acha koloni ikomae siku tatu nne mpaka spora zitoke, mwombe msimamizi aipake rangi, tafuta fuwele pembeni ya spora. Ukiikosa bado uandike "kundi la Bacillus cereus", maana cereus aliyepoteza fuwele na cereus asiyewahi kuwa nayo huwezi kuwatofautisha kwa darubini.