Mke wangu ana mimba ya miezi saba, jino linamtesa usiku. Tusubiri hadi ajifungue?

Kijana wa Usa

Wakuu, heshima kwenu. Ni saa nane usiku, niko Usa River, Arusha. Mke wangu amekaa kitandani ameegemea ukuta, kashika shavu, machozi yanamtoka. Leo ni usiku wa tatu. Ni gego la chini kushoto. Lina tundu la siku nyingi, zamani lilikuwa likimshtua akinywa chai ya moto kisha linatulia. Sasa halitulii. Mchana lina nafuu kidogo, lakini akilala tu linaanza kugonga kama moyo.

Kinachonitia hofu ni kwamba ana mimba ya miezi saba. Mama yangu na majirani wote wanasema mjamzito hang'olewi jino, kwamba damu itamwishia au mtoto atatoka kabla ya siku zake, kwa hiyo avumilie. Avumilie miezi miwili hivi?

Jana nilienda duka la dawa nikasema jino linauma, nikapewa diklofenaki. Sikusema ni mjamzito, nao hawakuniuliza. Ameshameza vidonge viwili. Jambo jingine, mke wangu amekulia kata ya Maji ya Chai na meno yake ni ya kahawia, kama mnavyojua ya huku kwetu. Mama anasema ndiyo maana yanaoza. Naombeni msaada: nimtulize na nini usiku huu, na je, ni kweli tusubiri?

Mama Wawili

Pole sana shemeji, na umpe pole mwenzio, hayo maumivu nayajua. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, asukutue upande huo kisha ateme, arudie kila baada ya saa chache. Kwanza atoe chakula kilichonasa kwenye tundu kwa uzi safi. Mimi njiti ilinichoma fizi nikawa na mawili ya kuuguza. Halafu mpangie mito miwili au mitatu, alale kichwa kikiwa juu.

Kama una mafuta ya karafuu, dondoshea tone moja tu kwenye pamba, aiweke juu ya tundu dakika chache aitoe. Asimimine, yanababua fizi.

Fundi Mianzini

Babu yetu alikuwa akichovya pamba kwenye maji ya betri anaweka kwenye tundu, mdudu anakufa papo hapo. Ukikosa hayo, ugoro au gongo kidogo asukutue, ganzi inaingia.

Tabibu wa Meno Moshi

Ndugu Fundi, najua umesema kwa nia njema, lakini naomba asiyafanye hayo hata mmoja anayesoma hapa. Maji ya betri ni tindikali. Nimeshamhudumia mtu aliyeungua ulimi na fizi hadi mfupa ukaonekana, na jino lilelile likawa bado linauma. Ugoro na gongo ni sumu kwa mtoto aliye tumboni. Na mdudu hayupo. Kinachoendelea ni kwamba bakteria wanakula sukari iliyobaki mdomoni na kutoa asidi, asidi inatoboa jino, na tundu likifika kwenye kiini penye neva na mishipa ya damu, kiini kinavimba. Kwa kuwa kimezungukwa na jino gumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana linagonga, na akilala damu ikajaa kichwani linazidi.

Kijana wa Usa, nianze na dawa. Acheni diklofenaki, brufeni na aspirini. Kuanzia wiki ya 20 hivi ya mimba dawa za kundi hilo zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na mimba ikiwa kubwa zinaweza kubana mshipa muhimu ulio karibu na moyo wake. Hivyo viwili alivyokwisha kumeza visiwatie hofu kupita kiasi, ila mvitaje kliniki. Atumie Panadol ya miligramu 500, vidonge viwili, asirudie kabla ya saa 6 kupita, na kwa saa 24 asizidishe 8. Asivisage na kuvipaka kwenye jino, ameze. Msimnunulie pia vile vidonge vya rangi mbili vya tetrasaiklini, wala doksisaiklini, maana vinaharibu rangi ya meno ya mtoto ambaye hajazaliwa. Amoksilini yeye anaweza kutumia, lakini kwa kuandikiwa, na peke yake haitibu jino lililotoboka. Inatuliza wiki, halafu linarudi na hasira.

Sasa hilo la kusubiri. Hapana, msisubiri. Mjamzito anazibwa jino, anatibiwa mzizi, anang'olewa. Ganzi ya lidokeini tunayochoma ni salama kwake. Miezi ya katikati, wa nne hadi wa sita, ndiyo mizuri zaidi kwa kazi isiyo ya haraka, kwa sababu tumbo bado halijawa kubwa na kichefuchefu kimepungua. Lakini jino linalomnyima mtu usingizi siku tatu ni kazi ya haraka, mwezi wowote. Tunachobadilisha ni mkao: tunamweka mto chini ya nyonga ya kulia ainamie kushoto, kwa sababu akilala chali tumbo linakandamiza mshipa mkubwa wa damu na anaweza kuzimia. Usaha ukiachwa uenee ndio unaomhatarisha yeye na mtoto, si koleo la daktari.

Naomba unijibu: shavu limevimba? Ana homa? Mdomo unafunguka vizuri? Anameza mate bila shida?

Kijana wa Usa

Asante daktari, Mungu akubariki. Uvimbe upo mdogo, homa sina uhakika. Amemeza Panadol na amesukutua na chumvi. Amelala kidogo.

Bibi wa Tengeru

Mwanangu, usimlaumu mama yako. Na sisi tuliambiwa hivyohivyo na mama zetu, na zamani jino liling'olewa na fundi kijijini bila ganzi wala dawa, watu walikuwa wakitoka damu kweli. Mwambie kwa upole kwamba siku hizi mambo ni mengine. Na mkeo mpe moyo, wanawake wengi tunaogopa kusema tunaumwa tukiwa na mimba.

Kijana wa Usa

Wakuu, ni saa kumi na moja alfajiri. Ameamka uvimbe umeshuka hadi chini ya taya, pagumu ukigusa. Mdomo unafunguka kidole kimoja tu, mate anameza kwa shida na mwili una moto. Nimpeleke zahanati hapa jirani wakifungua saa mbili?

Tabibu wa Meno Moshi

Hapana ndugu yangu. Ondokeni sasa hivi, na msiende zahanati. Nendeni Hospitali ya Wilaya ya Meru pale Tengeru, si mbali na kwenu. Ingieni mapokezi ya dharura, waambie mambo matatu kwa mpigo: mjamzito wa miezi saba, uvimbe chini ya taya, anameza kwa shida. Wakiona inawazidi watampa rufaa hospitali ya Mount Meru mjini Arusha au ya KCMC huku Moshi. Uvimbe wa hapo chini ya taya unaweza kusukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa. Akae wima njia nzima, asilazwe. Msimkande na kitu cha moto. Beba kadi ya kliniki na boksi la diklofenaki.

Leganga

Niko Leganga, nina gari. Angalia ujumbe wako, niambie nyumba, natoka sasa.

Kijana wa Usa

Wakuu, nimerudi, ni jioni ya siku ya pili. Kwanza ndugu wa Leganga, sina cha kukulipa. Ulifika kabla sijamaliza kufunga kanga begani kwake.

Walimpokea haraka, wakamwekea dripu ya antibayotiki, wakasikiliza mapigo ya mtoto, yako vizuri. Wakampasua kidogo usaha ukatoka mwingi, na leo mdomo ulipofunguka wakaling'oa lile gego. Alichomwa ganzi, hakusikia zaidi ya kusukumwa. Damu ilikata baada ya kung'ata pamba kama nusu saa. Daktari alimwambia kuwa siku mbili zaidi zingekuwa hadithi nyingine. Mama yangu alikuwa amesimama pale mlangoni anasikia. Hakusema neno, alikwenda akamnunulia uji.

Nina maswali mawili. Asukutue na chumvi kuanzia leo? Na hili la meno ya kahawia, mtoto wetu naye itakuwaje?

Tabibu wa Meno Moshi

Nimefurahi kweli kusoma hivi. Leo asisukutue wala asiteme kwa nguvu, asitumie mrija, asipeleke ulimi kwenye shimo. Lile donge la damu ndilo kidonda chenyewe kinavyoanza kupona, likitoka mapema anapata maumivu makali siku ya tatu. Kesho aanze maji ya chumvi taratibu kila baada ya kula. Mtori uliopoa unamfaa, atafunie upande wa kulia. Damu ikianza upya isikate kwa kung'ata kitambaa safi, au homa ikirudi, mrudi hospitali siku hiyohiyo.

Rangi ya kahawia siyo kuoza. Ni floridi iliyozidi kwenye maji ya miteremko ya Meru, iliyoingia meno yake yakiwa bado yanajengeka utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko kwenu vinapita hapo. Jino la mkeo limefika hapo kwa sababu ya tundu lililoachwa bila kuzibwa. Na akitapika asipige mswaki papo hapo, asukutue kwa maji kwanza, asubiri nusu saa.

Mama Wawili

Kwa mtoto, shemeji, kinga maji ya mvua ya kunywa na ya kumpikia uji akianza kula. Kuchemsha hakuondoi floridi. Magadi nayo yana floridi, punguzeni kuyatia kwenye makande. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachotengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kaulizeni.

Kijana wa Usa

Nimeandika yote kwenye daftari. Bati letu halina mfereji, Jumamosi naufunga kabla masika hayajaanza. Amelala sasa, upande wa kulia, na shavu limeanza kurudi.